Volti kupotea njiani: kwa nini betri nzima inashindwa kuwasha gari

Magari ya zamani yana ugonjwa mmoja unaokula hela za watu bure. Unageuza swichi unasikia tak tu, au stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inazunguka kivivu na taa za dashibodi zinafifia, basi lawama zote zinaenda kwa betri, inanunuliwa mpya, gari inawaka siku mbili tatu halafu shida inarudi palepale. Mara nyingi betri haina kosa kabisa, volti zinapotea njiani.

Iko hivi, betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6, lakini kati yake na stata kuna waya, vibano, boliti na ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha injini na bodi), na popote penye kutu au boliti iliyolegea umeme unapata kizuizi, na kizuizi hicho kinakula volti na kuzigeuza joto. Chaweza kuwa kidogo mno, omu 0.01 tu (omu ni kipimo cha kizuizi), na taa ya ndani ikawaka vizuri kabisa. Ila stata inavuta mfano ampea 150, sasa zidisha 150 kwa 0.01, volti 1.5 zimeshaenda! Ndio maana mtu anapima gari imezimwa anaona 12.6 anasema umeme upo. Upo ndio, ila hakuna kinachouvuta, na pasipo mzigo hakuna kinachopotea. Hata ukipima waya wenyewe kwa omu, mita ya kawaida itakuonyesha kama sifuri.

Kwa hiyo pima mzigo ukiwepo. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri (nguzo yenyewe sio kibano), nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, gia iwe nyutro na handibreki imevutwa, mwenzio apige stata sekunde chache. Namba unayoiona ndiyo iliyopotea upande wa ethi. Ikiwa 0.2 au chini usihangaike, ikifika nusu volti kuna mahali pabovu, sogeza ile ncha ya injini kurudi kibano kwa kibano hadi betri, pale namba inaporuka kushuka ndipo umepapita. Upande wa chanya vilevile, nguzo ya chanya hadi boliti nene ya stata.

Tafadhali usiruke ethi. Watu wanasugua vibano vya betri vinang'aa halafu ule mkanda wa ethi unaounganisha injini na bodi hawauangalii, na kwenye gari ya miaka mingi ndio ulioliwa na kutu, umelowa oili, nyuzi nusu zimekatika.

Ukishamaliza hapo hamishia mita kwenye nguzo mbili za betri, piga stata tena, betri iliyochajiwa vizuri ikishuka chini ya volti 9.6 hivi basi hiyo kweli imechoka, badilisha.