Je, wajua kwa nini mavazi ya ngoma ya Bihu yana rangi ya dhahabu?

Aprili 13, 2023, watu zaidi ya 11,000 walijipanga katika uwanja wa michezo wa Sarusajai mjini Guwahati, wakacheza ngoma moja kwa pamoja na kuandikwa katika rekodi za dunia za Guinness. Picha zilizopigwa kutoka juu zinaonyesha uwanja uliojaa rangi ya mpunga ulioiva, yenye michirizi myekundu. Ngoma hiyo ni Bihu, ya watu wa Assam, kaskazini-mashariki mwa India, kwenye bonde la mto Brahmaputra.

Rangi ile asili yake si duka la rangi. Ni kiwavi.

Hariri hiyo ya dhahabu ya Assam huitwa muga. Viwavi wa hariri ya kawaida hulishwa majani ya mforosadi ndani ya nyumba, lakini wa muga hulelewa nje, juu ya miti hai ya som na soalu, na mfugaji hushinda chini ya mti akiwafukuzia ndege. Uzi wao hutoka ukiwa tayari na rangi ya dhahabu, na wenyeji husema kadiri nguo inavyofuliwa ndivyo inavyozidi kung'aa. Tangu 2007 jina la muga linalindwa kisheria nchini India kama mali ya Assam. Bei yake ni kali, kwa hiyo siku hizi wachezaji wengi huvaa vitambaa vya bei nafuu vilivyotiwa rangi ya kuiga muga. Lakini hata kinachoiga kinaonyesha macho ya watu yanaelekea wapi: kwenye kile kinachomea kwao.

Na hapo ndipo jibu lilipo, kwa sababu mchezaji wa Bihu amevikwa mazingira yake mwili mzima. Msichana huvaa mekhela sador, nguo ya vipande viwili, kimoja kikizungushwa kiunoni na kingine kifuani hadi begani, chenye nakshi nyekundu zilizofumwa humohumo kwenye kitambaa. Nyweleni huchomeka kopou, okidi ya rangi ya waridi inayoning'inia kama mkia na kuchanua wakati huohuo wa Aprili. Mvulana hujifunga gamosa kichwani, kitambaa cheupe chenye pindo jekundu.

Ala nazo vivyo hivyo. Pepa hutengenezwa kwa pembe ya nyati wa kufugwa, lakini si baragumu. Mdomoni ina ulimi mdogo wa tete na mwilini matundu ya vidole, kwa hiyo huimba sauti nzima, kali, inayosikika mbali. Gogona ni kipande cha mwanzi kinachobanwa mdomoni na kudonolewa kwa kidole. Ya wanawake ni nyembamba kuliko ya wanaume, na isipopigwa huchomekwa kwenye fundo la nywele. Anayeongoza wote ni mpiga dhol, ngoma ya pande mbili: upande mmoja fimbo, upande wa pili kiganja. Huanza taratibu, kisha mapigo yanakimbia, na viuno na vifundo vya mikono vya wachezaji vinakimbia nayo.

Kwa nini haya yote Aprili? Kwa sababu Rongali Bihu ni mwaka mpya wa Assam, na ni mlango wa msimu wa kulima. Mvua za kwanza zimegusa ardhi, majembe ya kukokotwa yanangoja. Siku ya kwanza wala si ya watu, ni ya ng'ombe: hupelekwa mtoni, wakaoshwa na kupakwa manjano, wakalishwa vipande vya mung'unye na biringanya. Kesho yake ndiyo ya binadamu. Ngoma inayofuata ni ya ujana na mapenzi, maana rutuba ya shamba na ya watu huombwa kwa pumzi moja.

Zamani vijana waliicheza chini ya miti na mashambani, mbali na macho ya wakubwa, na wapo waliosema haina heshima. Wafalme wa Ahom, waliotawala Assam enzi hizo, hawakuikataa. Mjini Sivasagar lingali limesimama Rang Ghar, jukwaa lao la matofali la karne ya 18, ambako waliketi kutazama michezo na Bihu. Mwaka 1952 ikapandishwa jukwaani Guwahati, uwanja wa Latasil, na leo wengi huijua hivyo.

Mimi naipenda zaidi ile inayoitwa husori. Kundi huenda nyumba kwa nyumba, huimba na kucheza uani, na mwenye nyumba huwatolea gamosa pamoja na tambuu na popoo, heshima ambayo mtu wa Unguja au Lamu hahitaji kutafsiriwa. Nao humwombea baraka za mwaka, dhol inalia tena, na msafara unageukia ua wa jirani.