Nyumba ya urithi, na kaka ndiye mnunuzi

Nairobi husemwa kwamba mali ya urithi haina kodi, hata ukimuuzia ndugu yako. Nusu yake ni kweli. Nyumba ya Buruburu ikigawiwa warithi na msimamizi wa mirathi, kodi ya faida ya mtaji (inayotozwa faida ya kuuza mali) haidaiwi. Lakini dada akishaipokea kisha amuuzie kaka yake, huo ni uuzaji mpya, na faida hutozwa asilimia 15 (kabla ya 2023 ilikuwa 5). Msamaha wa familia unawataja wanandoa na watoto wao. Kaka na dada hawamo. Na ile bei ya undugu mnayoandikiana? Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) huhesabu kwa bei ya soko. Anayeweza kuponea ni muuzaji aliyeishi humo miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza.