Je, wajua? Waprotestanti waliofukuzwa Ufaransa waligeukaje matajiri wa biashara katika makoloni ya Uingereza?

Usiku mmoja katika miaka ya 1680, kusini mwa Ufaransa, binti aitwaye Judith Giton alinyemelea nje ya nyumba yao akiwa na mama yake na kaka zake. Ndani waliwaacha askari wa mfalme wakikoroma vitandani. Askari hao walikuwa wamepangiwa kulala humo makusudi, ili wale chakula, waharibu na kusumbua mpaka familia ikubali kuacha Uprotestanti. Ndivyo Mfalme Louis wa 14 alivyowabana Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa. Oktoba 1685 akafuta kabisa Amri ya Nantes, iliyowapa uhuru wa kuabudu tangu 1598.

Wachungaji walipewa wiki mbili waondoke. Waumini wa kawaida, kinyume chake, walikatazwa kutoka, na mwanamume aliyekamatwa akitoroka alipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Hata hivyo wanaokadiriwa kuwa 150,000 au zaidi walipenya.

Kwa nini basi hawakukimbilia makoloni ya Ufaransa yenyewe, ambako wangeelewana lugha? Kwa sababu mlango huo nao ulifungwa. Tangu 1627 kampuni iliyokabidhiwa Kanada ilitakiwa kupeleka walowezi Wakatoliki tu, na sheria ya 1685 ya visiwa vya Karibi ilipiga marufuku ibada ya Kiprotestanti hadharani. Wakati huohuo wamiliki wa Carolina, koloni la Uingereza huko Amerika Kaskazini, walikuwa wakichapisha vijitabu kwa Kifaransa kuwavuta. Mfalme aliwasukuma watu wake mikononi mwa wapinzani wake wa biashara.

Tusidhani walifika na mifuko ya dhahabu. Kundi la kwanza, lililotia nanga Charleston, bandari ya Carolina, mwaka 1680 kwa meli iitwayo Richmond, lilikusudia kufuga viwavi wa hariri na kulima mizabibu na mizeituni. Mayai ya viwavi yalianguliwa safarini, na viwavi wakafa kwa kukosa majani. Judith mwenyewe alimpoteza mama yake njiani, kisha kaka yake akafa kwa homa. Alimwandikia ndugu yake aliyebaki Ulaya kwamba alikaa miezi sita bila kuonja mkate, akilima ardhi kama mtumwa. Akaolewa na mfumaji, akafiwa, akaolewa tena na Pierre Manigault, aliyejikwamua kwa kutengeneza mapipa na pombe kali. Mwaka 1704 wakamzaa Gabriel, ambaye baadaye akawa mfanyabiashara tajiri kuliko wote South Carolina.

Utajiri huo ulitoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu, kwa maoni yangu, ni kutawanyika kwenyewe. Biashara ya bahari siku zile ilikuwa mali kauli: unampa mtu shehena leo, malipo yaje baada ya miezi mingi, na barua moja yachukua wiki kadhaa kuvuka Atlantiki. Hapo unahitaji mtu usiyemtilia shaka katika kila bandari, na uhamisho uliwapa Wahugenoti watu hao bila wao kupanga. Tazama ukoo wa Faneuil kutoka La Rochelle, bandari ya Ufaransa: mmoja aliishi Boston, mwingine New York, na ndugu yao akabaki La Rochelle. Jamaa na waumini wenzao wengine walikuwa London na Amsterdam. Mtu akikosa uaminifu bandari moja, habari ziliwafikia wote, kanisani na harusini.

Kikwazo kilikuwa sheria. Tangu 1660 Uingereza ilizuia wageni kufanya uchuuzi katika makoloni yake, kwa hiyo uraia ulikuwa sawa na leseni. South Carolina iliwapa haki hizo kwa sheria ya 1697, na kuanzia hapo ngozi za kulungu, lami ya meli na hasa mpunga vikapita mikononi mwao.

Lakini mpunga ulilimwa na Waafrika. Simulizi nyingi za "wakimbizi wachapakazi" huliruka jambo hili, na mimi naona ni kosa kubwa. Henry Laurens, mjukuu wa wakimbizi wa Kihugenoti, aliendesha na mshirika wake duka la kuuza binadamu Charleston. Maelfu ya Waafrika waliuzwa kupitia kwao, na matangazo yao yaliwasifia watu kutoka pwani ya mpunga ya Afrika Magharibi. Peter Faneuil, aliyewajengea watu wa Boston ukumbi wa soko mwaka 1742, naye alijihusisha na biashara ya watumwa. Na Gabriel Manigault, mtoto wa yule mama aliyelima kama mtumwa, alikufa mwaka 1781 akiwa na mashamba makubwa ya mpunga na Waafrika wengi waliolimishwa humo bila ujira.