Madaraja mawili ya mto mmoja: kwa gari hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha

Kazi yangu ni kupima mito. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikisoma vibao vya kupimia kina cha maji na kuhesabu ni kiasi gani cha maji kinapita chini ya daraja kwa sekunde moja, na kwa sababu hiyo mume wangu, ambaye ni mhasibu, alishazoea kwamba safari yoyote tunayofanya pamoja itasimama kwenye kila mto. Mwishoni mwa Oktoba, tulipowaacha watoto kwa bibi yao na kuondoka Dar es Salaam na gari letu kwenda Ruaha, alinitania kabla hata hatujafika Chalinze kwamba safari hii yeye ndiye atakayehesabu madaraja. Alihesabu kweli, na hesabu yake ndiyo iliyozaa swali ninalolijibu hapa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takribani kilomita 500, zote za lami. Sehemu ya kwanza haina mengi ya kusimulia hadi unapofika Mikumi, ambako barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Hapo dereva hana budi kupunguza mwendo, kwani matuta ni mengi, na anayemgonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama aliyemgonga. Tuliona twiga na pundamilia bila kulipa kiingilio chochote, jambo lililomfurahisha sana mhasibu wangu.

Baada ya Mikumi barabara huingia kwenye bonde la mibuyu, na kwa muda mrefu huambatana na Mto Ruaha Mkuu hadi mahali panapoitwa Ruaha Mbuyuni, ambapo unauvuka na kuingia Mkoa wa Iringa. Tulisimama. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, nyasi zote za pembeni zimekauka, lakini mto ulikuwa na maji mengi yanayokwenda kwa kasi. Wauza vitunguu walilizunguka gari letu, tukaahidi kununua wakati wa kurudi, kisha tukapanda mlima wa Kitonga nyuma ya msururu wa malori, tukapita kwenye nyanya za Ilula, na kulala Iringa mjini. Ninawashauri wasafiri wenzangu wasijaribu kuunganisha safari yote kwa siku moja, kwa sababu magari hayaruhusiwi kutembea hifadhini usiku, na anayefika langoni jioni amechelewa. Iringa ndipo pa kujaza mafuta, kununua maji ya kunywa na kukagua matairi.

Kutoka Iringa hadi Msembe, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, nasi tulifuata njia ya Tungamalenga. Kwenye vumbi fundi mmoja alitushauri tupunguze upepo kidogo katika matairi, na ushauri huo ulitusaidia sana. Hatukuvaa nguo za buluu iliyokolea wala nyeusi, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo, na mbung'o wa Ruaha hawana huruma. Malipo ya kuingia hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo ni vyema kuyaandaa mapema wakati mtandao bado upo.

Mtu anayeingia Ruaha kwa njia hii huvuka daraja la Ibuguziwa. Mto ulio chini yake ni uleule wa Ruaha Mbuyuni, Ruaha Mkuu, ila sasa uko mbali zaidi kuelekea chanzo chake. Mume wangu alizima gari, akatazama chini kwa muda. Kulikuwa na mchanga, miamba, na madimbwi machache ya maji ya kijani ambamo viboko walikuwa wamebanana kama abiria wa daladala. Maji yanayotembea hayakuwapo.

"Mama Baraka," akasema, "wewe si mtu wa maji? Hebu niambie, jana huko bondeni tumeuacha mto umejaa, leo tumepanda kuelekea kwenye chanzo chake tunaukuta mkavu. Maji ya jana yanatoka wapi?"

Ni swali zuri, na nimeshawasikia hata watu wa taaluma nyingine wakilijibu vibaya. Kati ya madaraja hayo mawili kuna Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Wakati wa masika mto hujaa, na bwawa hupokea maji yake pamoja na ya Ruaha Mdogo, unaopita pembeni mwa mji wa Iringa, na ya Kizigo. Kiangazi kinapofika, Mtera hufungulia maji kidogo kidogo ili yazungushe mitambo yake ya megawati 80, kisha yashuke hadi Kidatu yakazungushe mingine ya megawati 204, na Ruaha Mbuyuni iko katikati ya mitambo hiyo miwili. Nilimweleza kwa lugha ya kazi yake: maji tuliyoyaona jana ni ya akaunti ya akiba, yaliyowekwa mwezi wa Machi na kutolewa Oktoba. Hapa Ibuguziwa hakuna akiba, kwa hiyo mto unategemea mapato ya siku.

Mapato hayo hutoka Usangu, nyanda pana zilizo kusini-magharibi mwa hapa, katika Wilaya ya Mbarali. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe hushuka kutoka milima ya kusini, hutandaa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, na kutoka kwa mlango mmoja tu, mahali panapoitwa N'giriama, penye kizingiti cha mwamba. Kizingiti hiki ndicho ufunguo wa jambo zima. Ihefu ni kama beseni lililotobolewa karibu na ukingo: kina cha maji kikiwa juu ya tundu, maji hutoka, kikishuka chini yake hata kwa kiganja kimoja, hakitoki kitu, ingawa ndani ya beseni bado maji yamo. Kwa hiyo maji yanayoingia Ihefu wakati wa kiangazi lazima kwanza yafidie yale yanayonyonywa na jua na mimea, na kinachozidi hapo ndicho kinachofika Ruaha.

Zamani kilikuwa kinazidi. Viboko na mamba wa Ruaha walikuwa na mto unaotiririka mwaka mzima, hata kama mwezi wa Novemba ulikuwa mwembamba. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika katika kiangazi, miaka mingine kwa wiki chache na mingine kwa miezi. Kilichobadilika ni juu ya Ihefu. Kilimo cha mpunga wa umwagiliaji kilipanuka, kwanza mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga, kisha maelfu ya wakulima wadogo waliojenga mabanio yao, yaani vizuizi vya kugeuzia maji kwenye mifereji ya mashamba, kwenye mito ileile. Mpunga wenyewe hunywa zaidi wakati wa mvua, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Mto huuawa kiangazi na mifereji inayoachwa wazi baada ya mavuno, kwa sababu vijiji vilivyo kandokando yake huitegemea kwa maji ya kunywa na ya kufyatulia matofali. Ndoo moja inayofika nyumbani huwa imesindikizwa na nyingine nyingi zilizopotelea mchangani. Baadaye serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi, hata eneo lake likazidi kilomita za mraba 20,000. Mimi sikuwahi kuamini kwamba ng'ombe ndio waliokuwa tatizo kuu. Ng'ombe hunywa, lakini hawezi kushindana na banio lisilofungwa.

Wala siamini kwamba kukauka huku ndiko kulikoleta mgao wa umeme, ingawa Usangu imelaumiwa sana kwa hilo. Maji ya kiangazi ni sehemu ndogo mno ya yale yanayoingia Mtera kwa mwaka. Anayeumia hasa ni mnyama wa hifadhi, ambaye hana bwawa.

Tulikaa siku tatu, na kwa anayetaka kuwaona wanyama, Oktoba ina faida yake, kwa kuwa kiu huwakusanya mahali pamoja. Asubuhi ya pili tulisimama kando ya Mwagusi, mto wa mchanga ambao kwa kawaida haujulikani kwa maji ya juu, tukawatazama tembo wakichimba. Jike mkubwa alipiga mchanga kwa mguu wa mbele, akautoa kwa mkonga, akangoja kisima kijae, akanywa polepole. Mchanga mnene huhifadhi maji katikati ya punje zake, na maji yakishuka kama mita moja chini, jua haliyafikii tena. Ndiyo maana Mwagusi, unaoonekana umekufa, ulikuwa unanywesha wanyama wengi kuliko Ruaha Mkuu wenye jina. Tembo alipoondoka, pofu na nyani walikuja kwenye kisima kilekile.

"Kumbe akaunti ya akiba ipo," mume wangu akanong'ona, "ila ni ya tembo peke yake."

Siku ya kurudi tulisimama tena Ruaha Mbuyuni, kama tulivyoahidi. Nilinunua ndoo ya vitunguu kwa mama mmoja aliyeniambia kwamba shamba lake liko karibu na mto. Mume wangu, ambaye sasa alijiona mtaalamu, akamuuliza kama Ruaha hukauka.

Yule mama alimtazama kana kwamba ameulizwa kama jua huzama mchana. "Mto huu? Baba, tangu nizaliwe sijauona ukikauka."