Matibabu ya bure yanalipwa na nani? Maelezo kwa wakaaji wa Bukavu

Tunapofika Kadutu au Bagira kuzungumza na wanachama wa mutuweli za afya, yaani vyama vya kuchangiana gharama za matibabu, swali la kwanza huwa lile lile: kwa nini serikali isitutibu bure? Ni swali la haki. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2006 inahakikisha haki ya afya, na mwaka 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kongo bado iko mbali na kiwango hicho.

Ila mjadala huu hauendi mbele bila kusoma fakitire yenyewe, karatasi ya gharama za hospitali. Chukua ile anayopewa mama aliyejifungua kwa kupasuliwa: fishi (kadi ya mgonjwa), laboratwari, glavu, serumu, uzi wa kushonea, dawa ya usingizi, siku za kitanda. Kila kitu na bei yake. Mshahara wa muuguzi hauna mstari wake, lakini umo humo. Wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya malipo ya serikali. Mwisho wa mwezi wanagawana kilichoingia kutoka kwa wagonjwa. Mpango wa Bamako wa 1987 ulimtaka mgonjwa achangie dawa. Serikali ilipofilisika miaka ya 1990, akaachiwa karibu kila kitu. Ndiyo sababu bei hupanda hata pale ambapo hakuna aliyeiba: wagonjwa wakipungua, waliobaki wanabeba gharama za kituo kizima.

Asiyeweza kulipa anashikiliwa. Mama amepona, mtoto ananyonya vizuri, na bado wanalala wodini hadi ukoo ukamilishe deni, huku siku za kitanda zikiendelea kuhesabiwa. Huo ni uonevu, na hakuna upungufu wa pesa unaouhalalisha.

Kwa hiyo naunga mkono mpango wa kujifungua bure ulioanza Kinshasa Septemba 2023, unaogharamia ufuatiliaji wa mimba, uzazi pamoja na upasuaji, na matunzo ya mtoto mchanga hadi siku 28. Lakini bure ya kweli inataka pesa ya serikali ifike kituoni kabla dawa hazijaisha. Ikichelewa, mama hupewa karatasi akanunue dawa kwenye famasi ya ng'ambo ya barabara, na muuguzi asiyelipwa huanza kuomba "kitu kidogo". Hapa kwetu njia ya pesa hiyo imezidi kuwa ngumu: mabenki yalifungwa mwanzoni mwa 2025, mwaka ule ule Marekani ilipokata misaada mingi iliyokuwa ikipitia shirika lake la misaada, USAID. Kuidai serikali tuendelee kuidai. Kukaa tukiingoja mikono mitupu, hapana.

Mutuweli ya afya, iliyopewa sheria yake tarehe 8 Februari 2017, inakusanya mchango wakati watu wangali wazima. Ukiugua unaanzia kituo cha afya. Kikishindwa kinakuandikia barua ya kwenda hospitali, unalipa sehemu yako, mutuweli inamalizia. Faida nyingine haionekani kwa macho: mutuweli yenye wanachama wengi inaweza kupatana na hospitali bei moja ya jumla kwa uzazi mzima, glavu na uzi vikiwa ndani, jambo ambalo mtu mmoja aliye na uchungu wa kuzaa hawezi kulijadili.

Wengi wanalalamika kwamba tunawalazimisha kuandikisha nyumba nzima. Tunalazimika. Kila familia ikimleta tu bibi mwenye kisukari na binti mwenye mimba, sanduku linakauka kabla ya mwaka kwisha. Na anayesema "nimechanga mwaka mzima sikuugua, nirudishieni" ajue pesa yake imeshamtibu jirani. Kwa asiye na uwezo hata wa mchango, mutuweli haitoshi. Huyo ni wa serikali, na hapo sikubali kisingizio.

Wakati huo huo, msilipie kisicholipiwa. Chanjo za watoto, dawa za kifua kikuu na dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hutolewa bure. Ukidaiwa pesa kwa ajili yake, omba risiti yenye jina la kilicholipiwa, uipeleke ofisi ya zoni yako ya afya: Ibanda, Kadutu au Bagira.