Lami ya zamani si kifusi

Kila mashine ya kukwangua lami inapoingia mtaani, swali ni lile lile: "Mkandarasi anaturudishia makapi?" Nimechoka kulijibu njiani, nalijibu hapa. Kutumia tena lami ya zamani si kuchakachua.

Lami ya barabarani, kwa uzito, takriban asilimia 95 ni kokoto na mchanga. Kokoto ngumu haizeeki kwa miaka 15. Kinachozeeka ni ile asilimia 5 inayogandisha, yaani lami nyeusi yenyewe: oksijeni na jua huifanya ngumu, ikapasuka badala ya kunepa. Lakini ngumu si mfu! Liache rundo la lami iliyokwanguliwa kwenye jua la Dar es Salaam, litashikamana hadi livunjwe upya kwa mashine. Kitu kilichokufa hakishikani. Ukiongeza lami laini au mafuta ya kuihuisha, inafanya kazi tena. Mtambo wa kuchanganya hauiweki kwenye moto, ingeungua na kutoa moshi. Kokoto mpya ndiyo huchomwa kupita kiasi, kisha ikaipasha ile ya zamani.

Tatizo halisi wenye kulalamika hawaligusi. Lami ya zamani inachangamana na mpya kwa kiasi gani? Maabara tunaiyeyusha yote kwa kemikali, tukapata namba nzuri. Mtambo hauyeyushi yote. Sehemu inabaki imeganda kwenye kokoto kana kwamba nayo ni jiwe. Tukihesabu kwamba yote imechangamana, mchanganyiko unatoka mkavu na kokoto zinaanza kung'oka mapema. Hakuna kipimo rahisi cha kutuhakikishia kiasi hicho, kwa hiyo kwenye tabaka la juu mimi naweka lami ya zamani kidogo, la chini ndiyo naliongezea.

Kuchakata baridi papo hapo, yaani kuisaga na kuichanganya lami ya zamani barabarani bila kuipasha moto, kwa lami ya povu, nako kunafaa: maji kidogo, asilimia 2 hadi 3, hudungwa kwenye lami ya moto, ikafura na kushika vumbi la kokoto. Profesa Csanyi alijaribu lami ya povu Iowa, Marekani, mwaka 1956, ila yeye alidunga mvuke badala ya maji. Si uchawi wa juzi.

Ila mvua ikikatika ukaona tope jepesi likiruka kwenye nyufa gari zikipita, msingi umelowa. Hapo kukwangua juu na kurudisha ni kupoteza pesa, iwe lami ya zamani au iliyotoka bandarini jana. Muulizeni msimamizi kama alichimba kukagua msingi, na mtaro unamwaga wapi.