Jeshi la Marekani changa: dhana potofu na yale yaliyokuwa kwenye madaftari

Historia ya Marekani inavyosimuliwa mitandaoni ina majenerali wengi na makarani wachache. Jenerali George Washington, baadaye rais wa kwanza, yupo juu ya farasi, mizinga inalia, bendera inapepea. Anayenunua unga, anayepima siki na anayekata senti za nguo kwenye mshahara wa askari hatajwi. Ndiyo maana dhana nyingi kuhusu jeshi lile haziendani na yaliyotokea. Katika miaka 30 ya kwanza, kilicholiangusha mara kwa mara ni bohari, zabuni na barua, kabla hata adui hajaonekana.

"Baada ya uhuru Marekani ilibaki na jeshi kubwa la washindi"

Ilibaki na askari 80. Tarehe 2 Juni 1784 Kongresi, yaani bunge la Marekani, iliamuru jeshi livunjwe, wabaki 25 katika ngome ya Fort Pitt na 55 katika ngome ya West Point kulinda silaha na baruti, na asiwepo afisa mwenye cheo zaidi ya kapteni. Kesho yake iliomba majimbo manne yatoe wanamgambo 700 wa kwenda mpakani magharibi. Fedha hazikuwepo, hilo ni kweli, lakini woga pia ulichangia. Mwaka mmoja nyuma, Juni 1783, askari wa Pennsylvania waliodai malimbikizo yao walilizingira jengo ambamo Kongresi ilikuwa inakutana Philadelphia, na wajumbe wakahamia Princeton. Aliyeponea siku ile hakuwa na hamu ya kuona kambi kubwa karibu na ofisi yake. Wengi wao waliamini kwa dhati kwamba jeshi la kudumu wakati wa amani ni hatari kwa raia.

"Wizara ya Vita ilishughulika na vita"

Wizara hiyo iliundwa tarehe 7 Agosti 1789, chini ya Henry Knox, aliyekuwa muuza vitabu Boston kabla ya kuwa jenerali wa mizinga. Vita vilikuwa sehemu tu ya kazi yake. Mikataba na mataifa ya wenyeji wa asili ilipitia kwake. Pensheni za waliolemaa vitani zilikuwa kwake, na ardhi walizoahidiwa askari wa zamani pia. Hata meli za kivita zilikuwa zake hadi Wizara ya Majini ilipoanzishwa tarehe 30 Aprili 1798. Manowari ya Constitution, ambayo mpaka leo iko Boston, ilijengwa na wizara hii. Yote haya yalifanywa na waziri na makarani wachache waliokuwa wakinakili barua kwa mkono.

"Rais ni amiri jeshi mkuu, kwa hiyo jeshi lilikuwa lake"

Amri ni yake, mfuko si wake. Katiba inakataza fedha za jeshi kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka miwili kwa mkupuo, na Kongresi ya mwanzo haikuishia kwenye jumla kuu. Sheria ya tarehe 30 Aprili 1790 ilipanga posho ya askari kwa siku: ratili moja (karibu nusu kilo) ya nyama ya ng'ombe au robo tatu ya ratili ya nguruwe, ratili ya mkate au unga, na pombe kali kama mililita 60. Kwa kila posho 100 iliongeza robo galoni ya chumvi, nusu galoni ya siki, ratili mbili za sabuni na ratili moja ya mishumaa. Mshumaa wa kambini uliamuliwa bungeni!

Sheria hiyohiyo ilimpa askari wa kawaida dola 3 kwa mwezi, kisha ikamkata senti 90 za sare na senti 10 za hospitali. Akabaki na dola 2. Ukijiuliza kwa nini jeshi lile lilishindwa kupata vijana wazuri, anza na hesabu hiyo.

"St. Clair alipigwa kwa sababu alikuwa jenerali mbovu"

Hapa ndipo penye mengi. Tarehe 4 Novemba 1791, karibu na chanzo cha mto Wabash, jeshi la Arthur St. Clair lilivamiwa alfajiri na muungano wa mataifa ya wenyeji, viongozi wakiwemo Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee. Zaidi ya askari 600 waliuawa. Hakuna kipigo kingine ambacho jeshi la Marekani lilipata kutoka kwa wenyeji kinachofikia hicho.

Kuna anayesema jenerali alikuwa mzee anayeugua jongo, na kuna anayesema wenyeji walibahatisha tu. La pili ni dharau. Walikuwa wakilifuatilia jeshi lile siku nyingi na walijua wapige wapi. La kwanza lina ukweli kidogo, ila linaficha kilichoanzia Philadelphia na New York miezi mingi kabla.

Chakula cha jeshi kililetwa kwa zabuni. Mzabuni alikuwa William Duer, mlanguzi wa New York aliyewahi kuwa msaidizi wa waziri Alexander Hamilton katika Wizara ya Fedha. Akili yake mwaka ule ilikuwa kwenye biashara za hati na hisa, na nyama ya kule Ohio haikumshughulisha. Mkuu wa ugavi, Samuel Hodgdon, alikawia Philadelphia huku jeshi likimsubiri mpakani. Matandiko ya farasi wa mizigo yalitengenezwa Philadelphia, yakasafirishwa hadi mpakani, na kwa jumla gharama ikazidi mara mbili ya bei ambayo yangepatikana Fort Pitt. Walipoyafungua, hayafai. Safari iliyopangwa kuanza kiangazi ikaanza vuli, majani ya kulisha farasi yakiwa yanakauka.

Siku chache kabla ya pambano, wanamgambo wapatao 60 walitoroka kambini. Ikahofiwa kwamba wataupora msafara wa chakula uliokuwa nyuma, na St. Clair akairudisha Rejimenti ya Kwanza, askari wake waliofunzwa vizuri kuliko wote, kwenda kuulinda. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 4 watu aliowahitaji kuliko wote walikuwa mbali, wakilinda unga. Mimi nikisoma habari hii huwa nasimama hapo kuliko kwenye risasi zenyewe.

Baraza la Wawakilishi liliunda kamati mwaka 1792, uchunguzi wa kwanza wa aina hiyo dhidi ya serikali. Kamati iliomba nyaraka, na Washington akawaita mawaziri wake kujadili kama atoe au azuie. Alitoa. Kamati ilimsafisha St. Clair na kuunyooshea kidole ugavi, na Knox na Hodgdon wakalalamika. Duer alikuwa ameshafilisika Machi mwaka huohuo, akatupwa gerezani kwa madeni, na mwaka 1799 akafa akiwa bado mfungwa. Kongresi ikaona dawa ni kuhamishia manunuzi ya jeshi Wizara ya Fedha, kwa sheria ya Mei 1792. Tangu hapo waziri mmoja akawa anaagiza viatu na mwingine anavinunua, hadi utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1798.

"Kila raia alikuwa na bunduki, hivyo jeshi halikuhitajika"

Sheria ya wanamgambo ya mwaka 1792 ilimtaka kila mwanamume mweupe huru wa miaka 18 hadi 45 ajinunulie bunduki, baruti na mkoba. Utekelezaji uliachiwa majimbo. Kwenye karatasi taifa lilikuwa na jeshi kubwa ajabu, ila gwarideni wengi walifika na silaha mbovu, na wengine mikono mitupu.

"Nyaraka zote za waasisi zimehifadhiwa"

Za wizara hii hapana. Usiku wa tarehe 8 Novemba 1800, miezi michache tu baada ya serikali kuhamia jiji la Washington, ofisi ya Wizara ya Vita iliungua, na karibu kumbukumbu zake zote zikawa majivu. Tunayoyajua yametokana kwa sehemu kubwa na nakala zilizobaki kwa waliopokea au kuandika barua hizo, ambazo wanahistoria wameziokota kwenye maktaba nyingi.

"Kufikia vita vya 1812 na Uingereza walishajifunza"

Walishasahau. Mwaka 1802, kwa kubana matumizi wakati wa rais Thomas Jefferson, idara ya ugavi ilifutwa na mfumo wa wazabuni ukaendelea. Mwaka 1809 jeshi la Jenerali James Wilkinson, watu wapatao 2,000, liliwekwa Terre aux Boeufs, bwawani chini ya New Orleans, likila unga wenye ukungu na nyama iliyooza. Karibu nusu walipotea kwa vifo na utoro. Idara ya ugavi ilirudishwa Machi 1812, miezi mitatu kabla ya vita kutangazwa.

Kisha ikaja barua. Tarehe 18 Juni waziri wa vita William Eustis, daktari wa Boston, alimwandikia Jenerali William Hull, aliyekuwa njiani na jeshi kwenda Detroit, barua mbili. Ya kwanza, isiyotaja vita, ilipelekwa na tarishi maalumu. Ya pili, iliyosema vita vimeanza, ilitiwa posta ya kawaida. Hull, bila habari, alipakia mizigo na karatasi zake za siri kwenye merikebu ya Cuyahoga. Waingereza, ambao habari walikuwa nayo, waliikamata tarehe 2 Julai, siku ileile barua ya posta ilipomfikia Hull. Tarehe 16 Agosti akasalimisha Detroit, na Desemba Eustis akajiuzulu.

Mageuzi ya kweli yalikuja chini ya waziri John C. Calhoun. Sheria ya Aprili 1818 iliondoa wazabuni wa posho na kumweka mkuu wa chakula aliye ndani ya jeshi, chakula kikinunuliwa kwa jumla na kukaguliwa na maafisa wenye dhamana. George Gibson alikabidhiwa kazi hiyo, na ugavi ukapewa Thomas Jesup. Jesup aliishikilia hadi alipofariki mwaka 1860, na Gibson hadi mwaka 1861.